Vitambaa Vyekundu vya Tupajembe

Kambi iliitwa Tupajembe, na jina hilo lilitolewa na wachimbaji wenyewe, watu waliochoka na pamba wakatupa majembe huko Bukombe na Sengerema wakaja kufukua dhahabu porini. Kutoka Kharumwa ulitembea kutwa nzima kufika. Serikali ilikuwa haifiki, na siku ikifika ilifika na landrova moja, ikanywa chai kwa Maige, mkubwa wa kambi, ikageuza. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vya Kagera: sabuni hakuna, sukari hakuna, mwanamke mwenye kanga mbili alihesabiwa tajiri. Sasa katika ukata wote huo, nyumbani kwa Maige, juu ya sanduku la mkewe, kulikuwa na jora zima la kitambaa chekundu, jipya, limeletwa kwa magendo kutoka Burundi. Wala usidhani lilikuwa la kushonea nguo.

Maige alikuwa na duara kubwa. Duara, kwa wachimbaji, ni shimo lao la dhahabu, na pale Tupajembe mwenye duara kubwa ndiye aliyekuwa mwenye kambi, mwenye walinzi na mwenye sheria. Wachimbaji tangu zamani walikuwa na imani yao kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Lakini ilikuwa imani ya kunong'onezana tu, mtu anaishika au anaiacha. Maige akaitoa kwenye minong'ono akaifanya amri.

Amri yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke akiona siku zake, atundike kitambaa chekundu mlangoni mwake, akae ndani mpaka zimalizike. Asipike chakula cha mwanamume, asichote maji, asitwange mawe ya dhahabu. Mwanamume akivuka mlango wenye kitambaa, au akila kilichopikwa na mkono wa mwanamke huyo, asikanyage duarani mpaka mwezi mwingine uandame, na wenzake wakae naye mbali wasije wakaambukizwa mkosi. Mwanamke atakayeficha siku zake afukuzwe kambini, na watoto wabaki kwa baba yao. Na kwa kuwa Maige alipenda kukamilisha mambo, akaongeza na hili: mchimbaji asichote maji kwa mkono wake, kwani anachota na bahati yake pamoja. Wanaume walilipenda sana hilo la maji. Nani asingelipenda?

Hebu fikiria maisha hayo, jamani. Walinzi wawili na fimbo zao, kila asubuhi, wanapita wakitazama milango. Mwanamke akikawia kutundika, anaulizwa mumewe. Akitundika mapema, anaulizwa mwenyewe, tena barabarani, watu wakipita. Binti akitundika cha kwanza, jua halijapanda wachumba wamekwisha fika mlangoni wakimtajia baba yake ng'ombe. Jambo ambalo mwanamke humwambia mama yake kwa kunong'ona, pale lilipepea mbele ya kila mwenye macho.

Na aliyekuwa akichana vitambaa hivyo na kuvigawa ni Lukresia, mke wa Maige.

Lukresia alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, mtu wa misa na rozari, mama mtu mzima ambaye siku zilikuwa zimemkatika kitambo. Wanawake walimwita Mama Limi. Maige hakulipenda jina hilo, maana Limi hakuwa wake. Alikuwa binti wa ndoa ya kwanza kule Didia, ndoa iliyovunjika Limi akiwa bado ananyonya. Ng'ombe walikuwa wamelipwa, kwa hiyo mtoto alibaki kwa wenye ng'ombe, na Lukresia akarudi kwao amejifunga kitambaa kifuani kwa ajili ya maziwa yaliyokuwa yakimwagika njia nzima. Hakumwona tena. Tangu hapo alikuwa mwanamke wa kutii. Alikuwa amejionea gharama ya kutokutii, akaiogopa. Alipoambiwa achane vitambaa, alichana, na alivichana sawasawa, havipishani upana.

Basi mwezi huo mshipa wa dhahabu ukapotea. Walichimba wakakuta mwamba mtupu, wakachimba tena wakakuta mwamba mtupu. Watu wakaanza kutazamana. Mlinzi mmoja, Stanslaus, akakumbuka kwamba wiki ile mshipa ulipopotea alimwona Mageni, mke wa Athanas, akikatiza njia ya duarani na kuni kichwani. Na mlangoni kwa Mageni hapakuwa na kitambaa tangu lini? Wakahesabu. Tangu mwaka jana! Wakaruka kama waliokuta nyoka.

Kila mwanamke wa Tupajembe alijua kwa nini Mageni hakuwa ametundika. Alikuwa na mtoto, Bujiku, ambaye hata kukaa alikuwa hajaweza, ananyonya mchana kutwa, na mwili wa Mageni ulikuwa haujarudia siku zake. Lakini hilo lingesemwa na nani, na mbele ya nani? Baraza lilikuwa la wanaume peke yao. Athanas, mumewe, aliinamisha kichwa akachora chini kwa kidole cha mguu mpaka baraza likaisha. Maige akatoa hukumu: Mageni afungiwe kwenye stoo ya sururu, na Jumamosi lori la vyakula likija limchukue limshushe Katoro aende atakakojua. Mtoto abaki kwa bibi yake.

Siku tatu kambi nzima ikawa inamsikia Bujiku analia kwa bibi, na ukipita karibu na stoo unamsikia Mageni anamwitikia kwa ndani. Lukresia akipika, anasikia. Akichambua mchele, anasikia. Alijua kilio kile kinavyovuta ziwa la mama, akawa anajishika kifuani bila kujijua, mtu mzima yule, akaona aibu. Akasema moyoni, nitasema neno. Akamtazama Maige anavyokula, akaacha.

Ijumaa mchana, yuko uani, akaja Klara, jirani yake.

"Mama Limi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kitambaa. Changu kimechanika."

Akampa. Hajakaa vizuri, akaja Generoza. Chake kimeliwa na mbuzi. Akampa. Akaja Scolastika, chake amemwazima mtoto wa jirani kufungia kidonda. Akaja bi harusi wa juzi, ambaye hata sababu hakuwa ameitunga, akasimama tu anaminya vidole. Lukresia akampa. Wakawa wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake, huyu anajifanya amekuja kuomba chumvi, huyu amekuja kurudisha ungo. Hakuna aliyemtazama usoni. Jora likapungua mpaka akauona mti lililozungushiwa, naye bado hajauliza. Hawa watu wana jambo lao, akajiambia, na mimi hawakuniambia kwa sababu nalala na Maige.

Wa mwisho alikuwa Epifania, mama yake Athanas, mkwe wake Mageni. Bibi wa miaka sabini na ushee, anatembelea fimbo, meno yamebaki ya kuhesabika. Watu wote walidhani kamsusa mkwewe. Akaketi kwenye kigogo, akahema, akasema:

"Mayu, nipe na mimi kitambaa."

Kwa Kisukuma mayu ni mama, na bibi yule alimwita kila mtu hivyo.

"Bibi! Wewe?"

"Mimi."

"Cha nini, bibi yangu?"

"Kwani wenzangu uliwapa vya nini?" Akamkazia macho. "Siku zangu zimerudi."

Lukresia alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Bibi alikuwa hacheki. Alikuwa amekaa wima pale juu ya kigogo amenyoosha mkono. Lukresia akachukua kipande kilichobaki, akampa. Epifania akakipima kwa macho, akakitia kwenye yale meno yake machache, akakichana katikati. Nusu akaitia kifuani. Nusu akamwekea Lukresia magotini.

"Hii yanitosha," akasema. "Mlango wangu mdogo." Akajiinua kwa fimbo akaenda zake.

Jioni Maige akaingia, akaona ule mti mtupu juu ya sanduku.

"Jora liko wapi?"

"Panya," Lukresia akasema.

"Panya wamekula jora zima?"

"Mwaka huu panya wana njaa, mume wangu. Watu wenyewe wana njaa." Akamsogezea ugali.

Maige akaguna akanawa mikono. Lukresia akageuka kukoroga mboga iliyokwisha iva zamani, maana uso ulikuwa unamwaka. Katika miaka yote ya ndoa ile alikuwa hajamdanganya hata kwa bei ya vitunguu. Akajishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini.

Asubuhi aliamka kama siku zote, akawasha moto, akapika uji wa mtama, akampa mumewe. Maige akanywa bakuli la kwanza, akaongeza la pili. Ndipo Lukresia akagundua kuna kitu hakipo. Vinu. Kila siku alfajiri Tupajembe iliamka kwa vinu vya chuma, wanawake wanatwanga mawe, mlio unapanda mpaka unausikia kwenye mifupa. Leo kimya. Hakuna ndoo inayogonga ndoo, hakuna moshi, hata kuku walikuwa wanatembea polepole. Akafungua mlango.

Mama wee!

Kambi nzima ilikuwa nyekundu. Nyumba ya Klara, chekundu. Ya Generoza, chekundu. Mstari wote wa chini kwenda kisimani, mstari wote wa juu kwenda duarani, vibanda vya nyasi, nyumba ya bati ya muuza duka, mlango baada ya mlango, vitambaa vile alivyovichana kwa mikono yake vinapepea kwa upepo mmoja. Kwenye kibanda cha mwisho kabisa, kile kilichoinama, kanusu ka Epifania. Lukresia akashika mwimo wa mlango. Miaka yote alikuwa ameviona kimoja kimoja na kila kimoja kilikuwa aibu ya mtu. Leo, vyote pamoja, havikuwa aibu. Akajikuta ameshika rozari, na machozi yanamtoka wala hajui yalianza lini. Ni wanawake wale wale wanaoomba chumvi. Ni wale wale wanaoinamisha kichwa fimbo ikipita.

Wanaume nao walikuwa wameanza kutoka. Walitoka wakijikuna, wakatazama mlango wa jirani, wakatazama nyuma kwenye mlango wao, wakaruka. Waliolala ndani na wake zao wakaanza kubishana kama wamekwisha pata mkosi au bado. Hakuna uji. Hakuna maji hata ya kusukutua. Wakakusanyika mbele ya nyumba ya Maige na madebe matupu, maana wangekwenda kwa nani mwingine.

Maige akatoka anajifuta ndevu. Akatazama kambi yake, mstari wa chini, mstari wa juu.

"Waongo," akasema mwishowe. "Wote wanadanganya."

"Basi tuwatoe, Mzee," akasema mtu nyuma.

"Ingia wewe ukamtoe mkeo," akajibu Telesphori, mchimbaji mmoja mwenye mdomo. "Mimi kazi yangu duarani, siingii." Na kweli, nani angeingia? Amri ilikuwa amri. Stanslaus na fimbo yake alisimama mbele ya mlango wa Klara kama mtu aliyekuta mto umejaa.

Maige akamgeukia mkewe. "Lukresia. Wewe ni mwanamke. Pita nyumba zote ukague, uje useme hapa mbele ya watu nani mkweli nani mwongo."

Akaenda. Kwa Generoza akamkuta anamsuka mwanawe, naye akainua macho mara moja, akaendelea kusuka. Kwa Scolastika akakuta wanabangua karanga, yeye na bi harusi wa juzi. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyesema, Mama Limi tafadhali. Walimkaribisha, wakampa kigoda, wakamwachia kazi yake aifanye. Alizoea kuona hofu kwenye nyuso zile kila alipokwenda na mumewe. Leo aliitafuta akaikosa, akaiona iko kwake peke yake.

Kwa Klara akamkuta Bujiku. Klara naye alikuwa na mtoto wake mchanga, na amewapakata wawili, huku mmoja huku mmoja, wote wananyonya. "Siku tatu tunapokezana," Klara akasema kwa sauti ya chini. "Anakubali, lakini anamtafuta mama yake. Ananyonya anatazama mlango."

Lukresia akainama akamshika mtoto kidole cha mguu. Kilikuwa cha moto. Akatoka nje haraka.

Epifania alimngoja mlangoni pake kwa ndani, ameegemea fimbo. "Nikague," akasema.

"Bibi, nikague nini?"

"Ndivyo ulivyotumwa. Au hukutumwa?"

Lukresia akapiga magoti mbele yake, akamwamkia kwa mikono miwili, akarudi.

Wanaume walimfungulia njia. Jua limepanda, midomo imekauka, kila mtu anamtazama yeye, mwanamke ambaye hakuwahi kusimama katikati ya baraza lao hata kuleta maji.

"Nimekagua," akasema. "Ni kweli."

"Wangapi?" Maige akauliza.

"Wote."

"Hata Epifania?"

"Hata Epifania."

Mtu mmoja akapaliwa na kicheko. Maige akamtazama, kicheko kikazimika. Lakini walimwamini? Hilo Lukresia hakulijua mpaka kufa kwake. Alichokijua ni kwamba palikuwa hapana mwanamume hata mmoja pale aliyethubutu kusema mbele ya wenzake kwamba kitambaa kinaweza kusema uongo, kwa sababu siku tatu zilizopita walikuwa wamemhukumu mtu kwa kitambaa.

Ndipo Telesphori, mwenye mdomo wake na kiu yake, akasema, "Mageni je? Mageni hana kitambaa."

Wakageuka wote. Kule mwisho, karibu na duara, stoo ya sururu ilikuwa na mlango wa mbao mtupu, umefungwa kwa mnyororo. Ndio mlango peke yake usio na chekundu katika kambi nzima ya Tupajembe. "Zile siku tulizomhukumia zilikuwa za wiki ile," Telesphori akaendelea, anahesabu kwa vidole. "Zimekwisha. Sasa hivi ni yeye tu anayeweza kutuchotea maji."

Hapo ndipo Lukresia alipoliona jambo lote, mwanzo mpaka mwisho. Hawakuwa wamegoma ovyo hawa. Walikuwa wameichukua amri ya Maige, hawakuivunja hata herufi, wakaishika barabara kuliko yeye mwenyewe, mpaka ikawa inaelekeza mlango mmoja tu. Nani alikuwa ameliwaza? Wameliwazia wapi, kisimani? Kwenye vinu, huku mlinzi anapita? Hawajui kusoma wengi wao. Mungu wangu, akasema kimoyomoyo, na mimi nilikuwa nawaonea huruma.

"Huyo hafunguliwi," Maige akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia tena, na hilo ndilo lililomtisha Lukresia. "Lori litafika mchana, anaondoka kama nilivyosema. Mnataka maji? Mke wangu huyu hapa. Mlango wangu hauna kitambaa. Atachota yeye, atapika yeye, mpaka hao wachoke wenyewe kukaa ndani. Lukresia, chukua ndoo."

Wanaume wakashusha pumzi. Mmoja akamnyooshea ndoo.

Basi likawa limebaki kwake. Kambi nzima imefunga mlango, na ufa umebaki mmoja, naye ndiye ufa. Akachote ndoo moja tu, na vitambaa vyote vile vinakuwa matambara. Mageni anapandishwa lori. Bujiku anabaki ananyonya anatazama mlango. Lukresia akaitazama ndoo. Akamtazama Maige, akaogopa kama alivyoogopa siku zote, hofu haikupungua hata chembe, nataka ulijue hilo. Ila safari hii miguu haikuingoja hofu iishe. Ikageuka, ikampeleka ndani mwake.

Akatoka na ile nusu aliyowekewa magotini. Akainua mikono akaichomeka juu ya mlango wa Maige, mwenye duara, mwenye amri, mbele ya macho yao wote.

"Na mimi pia," akasema.

Aliyenyoosha ndoo akairudisha kifuani.

"Wewe!" Maige akapiga hatua. "Wewe mwanamke, siku zako zilikatika miaka iliyopita! Unanidanganya mbele ya watu?"

"Basi waambie, mume wangu." Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilisikika. "Waambie kitambaa hiki cha uongo. Waambie mwanamke anaweza kutundika na hana, au akaacha kutundika na hana kosa. Ukisema wewe, sisi nani tubishe?"

Maige akafungua mdomo. Akatazama stoo, akatazama wanaume wake, akaufunga.

"Mzee," akasema Stanslaus taratibu, "asubuhi ulikunywa uji?"

Ndevu za Maige zilikuwa bado na uji. Kila mtu aliuona. Stanslaus akarudi nyuma hatua moja. Aliyekuwa karibu naye akarudi nyuma mbili. Halafu wote, polepole, kama walivyofundishwa na Maige mwenyewe, wakasogea wakamwachia nafasi kubwa ya mchanga mtupu, yeye peke yake katikati. Alinyoosha mkono kumshika mmoja bega, na mtu yule akaruka pembeni. Akabaki anatazama mkono wake. Kisha akageuka, akapita chini ya kitambaa, akaingia ndani mwake.

Mnyororo wa stoo aliufungua Athanas. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda kichwa chini, akashindana na kufuli mpaka Telesphori akamsaidia kulivunja kwa sururu. Mageni akatokea mlangoni ameziba macho kwa kiganja kwa ajili ya jua, kifua cha gauni kimelowa maziwa chote, amekonda siku tatu kuliko mgonjwa wa mwezi. Akaona kundi la wanaume na madebe yao, akarudi nyuma. Alidhani wamekuja kumpakia kwenye lori.

"Mageni," Telesphori akasema, na ile sauti yake ya kelele ilikuwa imekwenda wapi sijui. "Tunaomba maji, dada."

Mageni akamtazama, hakumwelewa. Kisha akaangalia juu ya vichwa vyao, akaviona vitambaa. Akavitazama mstari wa chini, akavitazama mstari wa juu, akafika kwenye mlango wa Maige na Lukresia amesimama chini yake. Akakaa chini pale pale kwenye kizingiti, akanyoosha miguu.

"Mwanangu," akasema. "Nileteeni mwanangu kwanza."

Wakatazamana. Mtoto alikuwa nyuma ya kitambaa, na hakuna mwanamume wa kuingia. Lukresia akaenda mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumgusa amrudishe ndani. Klara akamkabidhi, na Lukresia akatembea naye katikati ya wanaume wale, mtoto analia, mzito, mwili wa moto, anapapasa shingo yake, mpaka akamfikisha akamweka mapajani kwa mama yake. Mikono yake ilikataa kidogo kumwachia. Kisha ikamwachia.

Mageni akafungua kifungo. Bujiku akadaka ziwa, akakohoa kwa haraka, akadaka tena, halafu kilio kile kilichokaa kambini siku tatu kikakatika, na badala yake ikasikika sauti ya mtoto anameza. Wanaume wamesimama na madebe matupu. Hakuna aliyemhimiza. Mageni hakuwatazama tena. Alimnyonyesha la kulia mpaka likalegea, akambadilisha akampa la kushoto, akamfuta jasho la utosi, na jua likapanda juu yao wote, na huko barabarani lori likasikika linakuja, likapiga honi, likangoja, hakuna aliyekwenda kulijibu.